Vipepeo Nyuma ya Wodi ya Kifua

Nilipoambiwa nina kifua kikuu sikulia. Watu kadhaa katika jengo letu pale Joubert Park walikuwa wamekipata, wakameza vidonge miezi sita, wakapona. Nililia baadaye, majibu ya pili yaliporudi na sista wa zahanati akafunga mlango kabla ya kusema. Alisema changu ni kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Ningelazwa hospitali ya kifua nje ya mji, na ningepigwa sindano kila siku kwa miezi mingi. Habari ya masikio hakuisema. Au labda aliisema, lakini Kiingereza changu ni cha kuongea bei ya rasta, na siku ile hata hicho kilinikimbia.

Naandika haya kwa sababu kuna mtu leo anafungiwa mlango vile vile. Sitamweleza habari ya vidudu. Nitamweleza ilivyokuwa.

Naitwa Mapendo, mzaliwa wa Uvira. Nilikuwa nasuka nywele katika saluni ya Mama Solange, mama mmoja wa Lubumbashi. Mume wangu, Elia, ni mlinzi kwenye maduka makubwa ya Randburg. Tuna mtoto mmoja, Neema, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Neema alizaliwa hapa. Kiswahili chetu alikisikia na kujibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu tupu. Sisi wazazi tulimcheka tu, tukaona ni mambo ya mji.

Nililazwa Januari 2016, joto likiwa kali na mvua ikinyesha kila alasiri. Neema alipelekwa Jeppestown kwa shangazi yake. Elia alinifikisha hadi getini akiwa na maski mdomoni, akaniambia, "Utapona tu, Mama Neema. Mungu iko." Kisha akatazama saa, maana zamu yake ilikuwa inakaribia.

Wodi ya wanawake ilikuwa na madirisha makubwa yasiyofungwa, usiku wala mchana, ili hewa ipite. Asubuhi tulipanga foleni ya sindano. Leo upande wa kulia wa makalio, kesho wa kushoto, mpaka pande zote mbili zikawa mabonge magumu. Mchana tulikalia nyonga moja moja, kama wanawake waliopakiwa kwenye pikipiki. Baada ya sindano vilikuja vidonge, kiganja kizima, na baada ya vidonge tulitapika. Aliyetapika mapema alipewa vingine.

Kulikuwa na vidonge laini, vya rangi ya damu iliyoganda. Hivyo ndivyo vilivyonibadilisha ngozi. Polepole nikawa mweusi wenye wekundu ndani yake, kama chai iliyochemka mpaka ikaungua. Hata weupe wa macho ukabadilika. Elia alipomleta Neema mara ya kwanza, wageni walisimama nje ya uzio na sisi ndani. Nilimwona mwanangu akipitisha macho kwa kila mwanamke aliyesimama pale. Alinipita. Akarudi, akanipita tena. Ilibidi niinue mkono.

"Mom?" akauliza. Elia akatazama chini.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda nyuma ya wodi, ambako watu hawakwenda sana. Palikuwa na benchi moja, mlimau uliosahauliwa, magugu yenye maua, na mteremko wa mawe unaopanda mpaka kwenye ukuta. Kwenye benchi alikuwa anakaa mwanamke mmoja Mkenya aliyelazwa wiki moja kabla yangu. Jina lake Wambui. Alikuwa anafanya kazi benki, Randburg, na watoto hakuwa nao. Ugonjwa huu hauulizi mtu anakula wapi. Nilimkuta amechutama na simu, akipiga picha jani la mlimau.

"Kuja uone," akaniambia, kana kwamba tunajuana. "Pole pole, usimshtue."

Juu ya jani kulikuwa na kipepeo mkubwa mweusi, mwenye madoa ya manjano kama mtu aliyerushiwa rangi kwa brashi. Alikuwa anataga mayai, moja moja, akiinama.

Wambui alikuwa na miaka mingi akitumia Jumamosi zake kutafuta vipepeo. Akimwona kipepeo humpiga picha, huandika mahali na siku, kisha hutuma kwa watu wa chuo wanaochora ramani ya vipepeo wa nchi nzima. Wao humjibu ni nani huyo. Aliniambia mwisho wa majira ya joto ndio wakati wenyewe, kuanzia Februari hadi baridi inapofika, maana wanakuwa wengi na mbawa zao bado nzima. Majina yao alinipa kwa Kiingereza, hayakunikaa. Nikawapa yangu. Yule mweusi nilimwita Wa Mlimau. Wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, aliyeruka kivivu kama asiye na adui, nilimwita Bibi Harusi. Halafu wakaja weupe.

Walikuja asubuhi moja baada ya mvua, maelfu, wadogo, wenye mishipa ya kahawia, wakavuka ukuta, wakavuka paa la wodi, wote wakielekea kaskazini-mashariki. Siku nzima hawakwisha. Wagonjwa walitoka na mablanketi kuwatazama. Mimi nikasema, "Hawa ni Karatasi."

Wambui alicheka mpaka akakohoa. "Karatasi! Na hawana hata moja. Wanavuka tu hadi Msumbiji, hakuna wa kuwauliza."

Mimi karatasi yangu ya ukimbizi niliifanya upya kila miezi sita, kwa kupanga foleni tangu alfajiri. Kwa hiyo nilicheka pia, ila si sana.

Mlio ulianza Machi. Ulikuwa mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Nilidhani ni mtambo wa hospitali. Nilipoziba masikio kwa vidole uliongezeka, nikajua uko ndani yangu. Nilimwambia sista wa zamu.

"Eish, mama," akasema, "kila mtu analalamika hivyo. Kunywa maji mengi."

Wambui naye ulikuwa umemwanza wiki hiyo hiyo. Nilipomwambia, aliweka simu chini.

"Hiyo ni sindano, Mama Neema. Inaua masikio. Wanafaa wakupime kabla hawajakudunga ingine. Wee, usikubali."

Kesho yake asubuhi alisimama kwenye foleni, na ilipofika zamu yake akakataa. Alikataa kwa Kiingereza cha benki, bila kupandisha sauti, akitaja haki hii na haki ile. Alipiga simu. Bima ya kazini kwake ikatuma gari, wakampeleka kwa daktari wa masikio Randburg, akarudi jioni na cheti. Masikio yameguswa kidogo tu. Sindano ikasimamishwa, akaanzishiwa vidonge vipya ambavyo wakati ule walipewa wachache.

Siku hiyo hiyo alinishika mkono akanipeleka kwa daktari wa wodi, kijana aliyechoka, mwenye kalamu tatu mfukoni. Wambui akanitafsiria. Mashine ya kupima masikio ya hospitali ilikuwa kwenye matengenezo. Nimeandikishwa mwezi ujao. Mpaka hapo sindano iendelee, maana bila hiyo mapafu yangu yatashindwa.

"Mwambie naogopa," nikasema.

Wambui akamwambia. Daktari akajibu, na Wambui akanigeukia. "Anasema ukikataa utatia sahihi kwamba umekataa matibabu."

Nilimpigia Elia. Nilikuwa bado nasikia simu, sikio la kushoto.

"Usikatae," akasema. "Sisi ni wageni hapa. Wataandika ulikataa dawa, halafu? Watakutoa. Utakufa nyumbani na utaambukiza mtoto. Vumilia mwezi mmoja tu."

Nilivumilia. Nililala kifudifudi, nikafunua, nikauma mto. Sikulazimishwa na mtu, na jambo hilo ndilo linalonichoma hadi leo: nilijitolea mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwa sababu ya kuogopa sahihi.

Kwanza walipotea ndege. Niliwaona kwenye mlimau wakifungua midomo. Kisha mlio wa simu. Kisha sauti za wanawake, zikawa kama zinatoka kwenye ndoo, halafu zikawa upepo. Wambui akinisemesha kutoka nyuma nilikuwa simjibu, akadhani nimenuna. Mwisho zilibaki sauti nzito tu, mlango ukibamizwa, lori likipita. Na ule mlio wa birika, usiozimika. Watu hudhani uziwi ni kimya. Sijapata kimya tangu siku hiyo.

Siku ya kupimwa nilikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi na wenzangu kumi hivi. Waliita majina. Mimi sikusikia langu. Mwanamke wa karibu alinigusa bega wakati sista ameshakasirika na kupita kwa mwingine, ikabidi ningoje hadi wa mwisho. Niliwekwa kwenye chumba kidogo kama kabati, nikavishwa vitu masikioni, nikapewa kitufe. Ukisikia sauti, bonyeza. Nilikishika nikingoja. Nilifikiri hawajaanza. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona yule dada aliyekuwa anapima ameinama, anaandika, anaandika.

Sindano zilisimamishwa siku hiyo. Nikapewa vile vidonge vipya. Muda wote vilikuwa kwenye kabati la dawa tulilolipita kila siku.

Kwa muda sikukaa na Wambui. Hakunikosea lolote, na hilo ndilo lililonifanya nimchukie zaidi. Nilimwona ameweka simu sikioni akiongea na Nairobi, akicheka, nikatamani kuitupa ukutani. Yeye hakuja kuniomba radhi wala kunihurumia. Alikuja tu mbele ya kitanda changu, saa ya jua, akanyoosha kidole kuelekea nyuma. Siku ya tatu au ya nne nikainuka.

Sitamdanganya msomaji kwamba vipepeo waliniponya. Pale nyuma hapakuwa na mtu aliyefungua mdomo, basi. Kipepeo hana sauti. Mbele yake mimi na Wambui tulikuwa sawa. Nilianza hata kumshinda, kwa kuwa yeye aligeuka kila mlango ulipolia, na mimi sikugeuka. Alinipa simu yake ya zamani. Nikawa napiga picha, yeye anaandika jina, tunatuma. Tukiongea, tuliandikiana kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha Nairobi na changu cha Uvira.

Februari tulikuwa tumemwona kwenye mawe ya mteremko kipepeo mwekundu, mwenye madoa meusi, mchangamfu. Mwisho wa Aprili, majani ya mlimau yalipoanza kuwa ya manjano na asubuhi zikawa za sweta, mawe yale yale yalikuwa na kipepeo wa bluu mwenye mkanda mwekundu. Nikaandika: "Mgeni huyu." Wambui akaandika: "Si mgeni, ni ukoo ule ule. Mama mwekundu wa mvua anazaa watoto wa bluu ukame ukikaribia." Sikuamini, mpaka jibu la watu wa chuo liliporudi.

Nilimtazama sana. Msimu ulimbadilisha akawa mzuri. Mimi nilikuwa na rangi ya sufuria na masikio ya mbao. Nikaandika hivyo hivyo kwenye simu. Wambui alisoma, akanirudishia, akatoa chungwa mfukoni, akalimenya, akanipa nusu kubwa. Kati ya yote niliyotendewa hospitalini, hilo chungwa nalikumbuka kuliko maombi ya wachungaji wawili.

Nilitoka Julai, kwenye baridi kavu inayopasua midomo. Mapafu yalikuwa hayaambukizi tena, ila vidonge viliendelea hadi mwisho wa 2017, kila asubuhi zahanati, mbele ya sista, "fungua mdomo, inua ulimi." Wambui alimaliza kabla yangu. Benki ilikuwa imempa mtu mwingine meza yake, kwa hiyo akarudi Nairobi. Bado tunatumiana picha.

Nyumbani niligundua kitu ambacho sista hakuniambia na daktari hakukijua. Naweza kusoma midomo, lakini kwa Kiswahili tu. Maneno ya Kiswahili nayajua yanavyokaa mdomoni tangu utotoni. Ya Kiingereza yote yanafanana. Mama Solange aliponirudisha kazini, alinipa kiti kinachotazama kioo, maana msusi husimama nyuma ya mteja, na mteja akiongea bila kioo ni kama kisogo kimenyamaza. Wakongomani na Warundi niliwasoma kiooni. Wengine walionyesha picha. Wapo pia waliouliza ngozi yangu imepatwa na nini, wakahamia kiti kingine.

Na mwanangu sikuweza kumsoma. Alirudi nyumbani na Kiingereza chake, akaniambia mambo, mdomo ukienda mbio, nami nikatikisa kichwa kama mgeni. Aliandika kwenye simu, akachoka. Alikuwa mtoto.

Elia naye alipunguza maneno. Mwanzo alipiga kelele, kana kwamba nguvu ingepenya. Kisha akaanza kumwambia Neema, "Ambia mama yako." Kisha hata hilo likapungua. Jumapili moja alikuja rafiki yake wa kazini, wakakaa mezani. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikageuka, nikaona mdomo wa mume wangu ukisema waziwazi, "Sasa mi' nakaa na ukuta."

Nikaweka mwiko chini. "Ukuta unaona," nikasema. Sijui nilisema kwa sauti ya kiasi gani. Rafiki aliaga upesi.

Elia aliomba msamaha siku hiyo, kwa mdomo ulionyooka, neno moja moja. Nilimsoma vizuri. Tunaishi pamoja mpaka leo, na sisemi zaidi ya hapo.

Mwaka 2018 nilienda zahanati kupimwa makohozi, kuhakikisha nimepona. Sista, mwingine, mchangamfu, aliandika kwenye karatasi kwa furaha: sindano zimeondolewa, sasa wagonjwa wote wanapewa vidonge vile vipya. Akachora uso unaocheka. Nilisoma mara mbili. Nikamrudishia karatasi yake, nikatoka, nikakaa ukingoni mwa barabara karibu na spaza, kiduka cha mtaani, watu wakinipita. Nawafurahia walio nyuma yangu. Nawafurahia kweli. Lakini siku ile sikuwafurahia.

Kwa hiyo wewe uliyefungiwa mlango, sikia, kama bado unasikia. Ukianza mlio, usiambiwe maji. Lala mlangoni mwao. Waambie waandike kwamba umeomba kupimwa na hawakukupima. Watie sahihi wao. Tafuta mtu mwenye Kiingereza cha benki asimame nawe. Na kama umeshachelewa kama mimi, sina dawa. Nina Jumamosi tu.

Jumamosi natoka na Neema. Aliniomba mwenyewe mwaka 2019, akiwa na miaka kumi na nne, mrefu kunizidi. Sijui ni nani aliyemfundisha, sijui ni aibu au ni huruma, lakini alikuwa ameanza kunisemesha Kiswahili, kibovu, akipanua mdomo kila silabi. Tunapanda kilima chenye mawe mashariki ya mji. Yeye ndiye anayetuma picha.

Aprili hiyo nilimfuata kipepeo mmoja mdogo, kijivu upande wa nje, na akifungua mbawa ni shaba inayowaka. Sikuwa nimemwona kamwe. Nilishuka naye upande wa pili wa kilima, kwenye magofu ambako watu wanalala na chupa zao. Nilikuwa nimechutama nikisogeza simu nilipovutwa bega kwa nguvu, nikaanguka.

Alikuwa Neema. Uso umelowa machozi, kifua kinapanda na kushuka. Nyuma yangu, hatua chache, walikuwa wamesimama wanaume wawili ambao sikujua wamefika saa ngapi. Walitutazama, wakaondoka zao bila haraka.

"Mama, mimi naita wewe," mdomo wa Neema ukasema. "Naita, naita, naita. Wewe hapana sikia!"

"Uliniita vipi?" nikauliza.

Hakuelewa. Nikaweka kiganja changu kooni pake. "Niite tena."

Akaniita. Nilihisi mtetemo, kama wa mashine ya kunyolea. Nisimdanganye mtu: haikuwa sauti. Sauti niliyo nayo ya mwanangu ni ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, na huyu aliyesimama mbele yangu ni karibu mwanamke. Watu wananiambia ana sauti nzito, nzuri. Nasikia kwa kuambiwa.

Niliondoa mkono, nikamfuta uso kwa kitambaa changu. Kipepeo alikuwa amekwenda. Picha ilitoka ukungu mtupu, lakini Neema aliituma hivyo hivyo. Kisha nikamwambia atangulie. Toka siku ile akitembea nami hatembei nyuma. Anatembea mbele yangu, na akitaka kusema neno, anasimama, anageuka.